Gurudumu la Meli kwenye Zizi la Burito

Matrida wa Kamunyonge, Musoma mjini, hakuwa mtu wa safari. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amekaa kibarazani kwake na mkasi wa bati, akigeuza makopo ya rangi kuwa koroboi, mirija ya kumiminia mafuta, na, kwa mteja mwenye picha mkononi, meli. Meli zake watu wa Musoma wanazijua. Ukisogeza jicho karibu unaona mpaka ngazi, mpaka kengele. Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi akarithi ugonjwa wa baba yake: hawezi kutunga. Kitu ambacho hajakiona hakiweki.

Ugonjwa huo ndio uliompeleka Butiama.

Mzee Evance, mstaafu wa bandarini, alimletea fotokopi ya picha ya enzi za wakoloni. Ilikuwa meli ya magurudumu, ile iliyojisukuma ziwani kwa gurudumu kubwa la makasia kila ubavu. Picha ilionekana vizuri kila mahali isipokuwa kwenye gurudumu. Hapo paliingia maji zamani, pamebaki doa jeusi.

"Makasia yalikuwa mangapi?" Matrida aliuliza.

"Mimi nilizaliwa imeshakufa," Mzee Evance akasema. "Weka nane. Nani atahesabu?"

Akaweka nane. Siku tatu akapita mbele ya ile meli akiitazama kwa pembeni kama mtu mwenye deni. Siku ya nne akayang'oa yote. Akaanza kuuliza, na kuuliza kukamfikisha Bunda kwa Nathanieli, fundi mitambo mzee, ambaye alimwambia meli ile ilikatwa ikauzwa vipande, na nusu ya gurudumu moja ilikokotwa na ng'ombe mpaka kijiji kimoja mbele ya Butiama. "Mpaka leo ni mlango wa zizi kwa akina Burito. Nenda ukaone mwenyewe."

Akaenda Jumatano. Mfukoni mkasi, koleo, nyundo ndogo, kisu, futi ya kupimia, vipande vya bati, na sumaku yake ya kutenganisha chuma na shaba. Chini kabisa, imefungwa kwenye kanga, ile meli isiyo na magurudumu.

Mgeni huanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, hilo hata mtoto analijua. Lakini mtu wa bodaboda alimshusha langoni kabisa kwa Burito, na ofisi ya mwenyekiti walishaipita kule nyuma, na jua limeshapanda. Matrida akajisemea, napima dakika kumi naondoka. Mke wa Burito, Brenda, binti bado mbichi kwenye ndoa, alikuwa anaanika udaga, mihogo iliyovundikwa. Alimsikiliza, akasema mume wangu hayupo, lakini kuangalia tu, angalia.

Lilikuwepo kweli. Nusu duara la chuma, refu kumpita mtu, limesimikwa kwenye udongo, na magogo ya mlango yamepitishwa katikati yake. Matrida alipiga magoti. Makasia yenyewe yalishaoza, lakini vishikio vyake vilikuwepo, vitano. Vitano kwa nusu, basi kumi kwa zima. Akapitisha sumaku kwenye misumari mikubwa, haikushika. Shaba. Akakwangua kutu kwa ncha ya kisu, na chini ya kutu, chini ya rangi nyeusi, ikatoka rangi nyekundu. Alifurahi mpaka akasahau yuko kwa watu. Akakwangua tena, unga ule akaukingia kwenye kifuko cha nailoni.

"Wewe mama unafanya nini hapo?"

Aligeuka. Kijana mrefu amesimama na rungu, nyuma yake ng'ombe waliotoka kunywa maji. Ryoba, mdogo wake Burito.

"Napima tu, baba. Natengeneza..."

Ryoba hakungoja neno la pili. Aliiona sumaku, akakiona kisu, akakiona kifuko. Mwezi wa tatu watu wa mjini walikuja kijiji cha jirani na vitu vya namna hiyohiyo, wakisema wanapima udongo, na walipoondoka kaburi la mzee mmoja lilikutwa wazi. Walitafuta mali ambayo watu husema Mjerumani aliizika. Isitoshe, mlangoni pa zizi ndipo wengine huzika dawa ya mifugo. Ryoba alirudi nyuma hatua mbili, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe.

Yowe la huko si la kusikia mara mbili. Matrida alikuwa bado magotini. Wa kwanza walitokea kwenye mihogo, wakafuata wengine kutoka barabarani, wakinamama na majembe, wanaume na mapanga na fimbo. Hakuna aliyekimbia. Walikuja kwa mwendo wa watu wanaojua waendako.

"Ni yuleyule wa mwezi wa tatu."

"Wale walikuwa wanaume."

"Mwanamke ndiye anatangulizwaga. Wanaume wako wapi, mama? Wako kwenye gari?"

"Ana kipimo huyo. Mwangalie mkono wake."

Wengine waliongea kwa lugha yao, na yeye, mtoto wa Kijita, alishika neno moja moja tu. Neno la ng'ombe alilielewa. Neno la kuchoma alilielewa pia. Hilo alitamani asingelielewa.

Burito akafika anatokwa jasho, akaunyakua mfuko, akaumwaga chini. Mkasi, nyundo, futi. Kisha kanga ikafunguka na kale kameli ka bati kakabingirika mavumbini na bomba lake na ngazi zake. Watu wote walirudi nyuma.

"Mnaona sasa," mama mmoja akasema taratibu. "Kachombo ka kusafiria usiku."

Matrida alitaka kusema ni bati, ni kopo la maziwa, someni chini mtaona maandishi. Aliwaza binti yake Nyangi pale Kamunyonge, ambaye hata jina la kijiji hiki hakumwachia.

"Nani kaanza bila mimi?"

Alikuwa mwenyekiti, Kasmiri, mtu mfupi mwenye daftari kwapani. Watu wakampisha, lakini hawakushusha mapanga.

"Jina lako?"

"Matrida."

"Mbona hukupita ofisini, Matrida?"

"Nilikosa, mwenyekiti. Mimi ni fundi bati. Natengeneza mfano wa meli. Hiki chuma ni gurudumu lake."

"Fundi mwanamke," Ryoba akasema. "Meli, huku kwenye mtama. Si ungesema hata unauza vitenge, tungekuelewa."

Baadhi wakacheka, na kicheko kile kilimtisha kuliko kelele.

Kasmiri aliokota mkasi, akajaribu makali kwa kidole gumba. Akaangalia viganja vya Matrida, akauangusha mkasi mbele yake. "Kama fundi, tengeneza hapa. Tengeneza hiki chuma kilivyo. Ukishindwa mimi nawaachia hawa wenyewe, nitakuwa sijui kitu."

Matrida alikaa chini. Kazi aliyoifanya miaka yote akiwa anaongea na majirani, leo vidole viliigomea. Bati la kwanza lilikwenda mshazari. Alilitupa. La pili alilishika kwa magoti. Alikata nusu duara, akalikata ndani, akapata ukanda mwembamba. Akakata wa pili, kwa kuwa gurudumu lilikuwa na kanda mbili sambamba. Mtu alikuwa anapumua juu ya kisogo chake. Kivuli cha panga kilipita kwenye bati, kikarudi.

Kwenye kishikio cha tatu mkasi uliteleza, ukamla kidole. Damu ikadondoka kwenye bati.

"Damu," watu wakasema. "Amemwaga damu kwenye mlango wa ng'ombe."

Wakasogea. Matrida alifumba macho, akabana mabega, akingojea pigo la kwanza. Kilichomfikia kilikuwa mkono. Brenda, ambaye muda wote alisimama nyuma ya mumewe, alichana upindo wa kanga yake, akachuchumaa, akamfunga kidole.

"Brenda, toka hapo," Burito akasema.

"Mimi ndiye nilimruhusu," Brenda akasema, bila kumtazama. "Kama ni kosa, lilianzia kwangu." Akakaa palepale, begani kwa Matrida.

Matrida akaendelea. Vishikio vitano, kama kwenye chuma. Alivikunja kwa koleo, akavibana kati ya kanda mbili kimoja kimoja, akigonga kwa nyundo. Alipomaliza alilitoa lile nusu gurudumu kwa mikono miwili.

Burito alilichukua, akaenda nalo kwenye zizi. Alihesabu kwa kidole kwenye chuma, akahesabu kwenye bati. Akarudia. Nyuma ya watu ng'ombe walikuwa wanalalamika kufungiwa nje.

"Umekosea," akasema. "Hiki cha pili kutoka chini kimevunjika. Wewe umekiweka kizima."

Matrida alijibu bila kufikiri, kwa ule ukali anaowajibia wateja wake kibarazani. "Kimevunjika hapa kwako, kwa kugongwa na ng'ombe. Meli ilivyokuwa inatembea kilikuwa kizima. Mimi natengeneza meli, sitengenezi zizi."

Akashtuka mwenyewe. Burito alimtazama, akatazama kile kishikio, na upande mmoja wa mdomo wake ukalegea.

"Ni yule dume mweusi alikivunja," akamwambia mwenyekiti. "Mwaka ule wa ukame. Kweli kabisa."

Mapanga yakaanza kushuka, moja hapa, moja pale. Kasmiri alifungua daftari, akamwandikisha jina, kata, namba ya simu na shughuli iliyomleta. Unga wa rangi Burito aliumwaga palepale mlangoni, akasema huo hautoki hapa. Matrida akaukazia macho ule wekundu mpaka upepo ulipouchukua.

Ryoba ndiye aliyeambiwa amfikishe kwenye lami kwa pikipiki. Matrida alipanda nyuma yake, rungu limelala kwenye tangi, akajishika kwenye chuma cha nyuma asimguse. Mahali ambapo mihogo ilikuwa pande zote na hakuna nyumba, Ryoba alisimamisha pikipiki akazima injini. Matrida akashusha mguu mmoja chini.

"Mama," Ryoba akasema, akigeuza shingo. "Sasa tuko wawili. Wale ni watu wa maneno mengi. Mimi niambie ukweli, hiyo mali iko wapi?"

"Hakuna mali, mwanangu. Namwapia Mungu."

Ryoba akageukia mbele. "Haya. Mtu mzima hawezi kulipa nauli kutoka Musoma kwa ajili ya kopo. Namba yako nimeisoma kwa mwenyekiti. Nitakuwa nakupigia."

Akawasha, akamfikisha lami salama, akakataa nauli.

Meli ilikamilika wiki ya pili, magurudumu mekundu, makasia kumi kila upande. Mzee Evance aliibeba kama mtoto mchanga. Simu ya Ryoba hulia Jumapili, baada ya misa. Matrida huitazama kwanza ikitetemeka mezani, kisha huipokea, kwa sababu akili yake inamwambia kwamba Jumapili atakayoiacha ilie, Jumatatu yake kijana mrefu atakuwa anaulizia Kamunyonge kwa fundi bati.

"Shikamoo mama. Vipi, ile mali umeshaipata?"

"Bado, mwanangu," Matrida anasema. "Bado natafuta."