Mkanda Uliotundikwa Msumarini

Jumamosi, tarehe 14 Juni. Tangu alfajiri manyunyu, na baridi ya kuingia mifupani.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni anasema habari ianze hivyo. Mimi mwanafunzi mtu mzima, sibishi.

Asubuhi hiyo wifi yangu alimnyooshea mama mjukuu wake. Mama akaficha mikono nyuma, kama anapewa kaa la moto.

"Mimi si mtu wa kuachiwa watoto."

Wifi alikuwa anaanza kazi siku hiyo. Machozi yakamlengalenga.

Mdogo wangu, mumewe, akajaribu utani. "Mama, huyu hang'ati. Hana hata jino!"

Mama hakucheka. Hajawahi kumbeba mjukuu yeyote. Watu husema bibi huyu ana roho ngumu.

Nimechoka, jamani. Si kufua mashuka ya hoteli kulikonichosha. Kuna uchovu ambao hata usingizi hauutoi.

Zamani mama alikuwa fundi cherehani. Kila akitoka, aliuvua mkanda kwenye gurudumu, ili mtoto akikanyaga pedali sindano isitembee.

Siku moja alipeleka gauni kwa mteja. Mdogo wangu akataka tucheze basi.

Basi bila injini ni basi gani? Alipokuwa nje akiokota kokoto za kuwa abiria, nikaurudisha mkanda.

Mimi nikakanyaga pedali. Yeye konda, anapiga meza ya cherehani karibu na sindano: "Ongeza moto, dereva!"

Nikaongeza. Sindano ikapita kwenye kidole chake.

Mama alirudi, akakuta damu.

"Nani kakanyaga?"

"Nilikuwa nacheza peke yangu," mdogo wangu akasema, ili nisichapwe.

Nami nikanyamaza.

Kidole hakikukunjika tena. Mama hakushona tena.

Miaka yote nimemwomba Mungu msamaha. Kwa mama sikufika. Ni rahisi kumpigia magoti usiyemtazama machoni.

Basi asubuhi hiyo nikamuuliza, "Mama, kwa nini unamkataa mtoto?"

Akakitazama kidole cha mwanawe.

"Siku ile niliusahau mkanda. Anayesahau mkanda atamsahau na mtoto kwenye beseni."

Nikakaa sakafuni. Ee Mungu wangu, kumbe!

"Mama, hukusahau. Mimi ndiye niliyeurudisha. Na mimi ndiye niliyekanyaga."

Mama akanigeukia.

"Niliuvua?" Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto.

"Uliuvua, ukautundika kwenye msumari. Nilipanda kigoda kuufikia."

"Dada," mdogo wangu akasema taratibu, "konda ndiye aliyesema ongeza moto. Ajali ile ni yetu sote."

Mama hakumsikia. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umeniacha nijihukumu mpaka nimezeeka, mwanangu."

Ni kweli.

Kisha mikono yake ikatoka mgongoni. "Nileteeni huyo asiye na meno."

Wifi akampa. Mama alimpokea, akamweka kifuani, mtoto akatulia.

Ndugu yangu unayesoma, ukishatubu kwa Mungu, nenda na kwa uliyemkosea. Huenda anaubeba mzigo wako akidhani ni wake.

"Na wewe, inuka hapo chini," mama akaniambia. "Sema utafanyaje kuanzia leo, na hawa wasikie."

Nikasimama mbele ya mdogo wangu, wifi na yule mtoto.

"Mama, hutabeba tena kosa langu. Nikikosea, utalisikia kinywani mwangu siku hiyohiyo, kabla sijaenda kuliombea."