Viti vya Baba na Barua ya Ufadhili

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyovibeba viti vya marehemu baba kichwani, kimoja kimoja, kwenda kuvificha kwa baba mdogo. Vilikuwa vinne, vya mbao za paini. Baba alivitengeneza mwenyewe, na mama alikuwa ameviwekea vitambaa alivyofuma kwa mkono wake. Kwetu Kilolo asubuhi kuna ukungu, nami niliushukuru ule ukungu kwa sababu majirani hawakuniona. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea kilimo, na nyumbani wote walisema nina akili nyingi. Akili zenyewe ndizo hizo za kuficha viti.

Ngoja nikueleze nilifikaje huko. Chuo chetu kilikuwa na utaratibu wa kubadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Ulaya. Wewe unakwenda kusoma kwao muhula mmoja, wa kwao anakuja kwetu. Kulikuwa na mfuko uliolipa nauli, viza, chumba na chakula, lakini kwa mwanafunzi mmoja tu kila mwaka. Bila mfuko ule, mtoto wa mkulima wa viazi angeishia kuitazama Ulaya kwenye ramani. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa nasahau kula. Fomu ilidai barua ya kujieleza, na wenzangu bwenini wakaniambia kuwa wafadhili wanataka kuonea mtu huruma, kwa hiyo niwalize.

Nikawaliza kweli. Niliandika kwamba baba amefariki, na hilo lilikuwa kweli. Hapo ningeishia, lakini kalamu ilishanoga. Nikaandika kwamba mama yangu hana kitu na hajui kitu, kwamba tunalala chini, tunakula mara moja kwa siku. Kurasa mbili nzima za njaa. Kuhusu viazi, ambavyo ndivyo nilivyokuwa nakwenda kuvisomea, niliandika mistari mitatu.

Barua ikapendwa. Nikaitwa ofisini, nikaambiwa nimechaguliwa, na kwamba mgeni kutoka kwenye mfuko yuko nchini. Angependa kufika nyumbani kwetu pamoja na mwalimu aliyesimamia ufadhili huo, wamsalimie mama na kupiga picha mbili tatu. Furaha yangu iliishia hapohapo. Niliwahi basi, nikafika Kilolo siku moja kabla yao, na kulipopambazuka tu nikaanza ile kazi ya viti. Nilipomaliza viti nikasukumiza vikombe vizuri vya kabatini chini ya kitanda. Halafu nikamfungua ng'ombe wetu wa maziwa nikampeleka naye kwa baba mdogo.

Mama alikuwa stoo anachagua mbegu za viazi. Alipoingia sebuleni akasimama.

"We Twilumba, viti viko wapi?"

"Kwa baba mdogo, mama."

"Kwa baba mdogo kuna msiba?"

"Hapana. Hawa wageni wanapenda kukaa chini. Ndiyo desturi yao."

Mama akachungulia nje, zizini. "Na ng'ombe naye? Wageni wanataka akae wapi?"

Nikamwambia nimempeleka kwenye majani mazuri. Akarudi stoo kwake. Nami, mjinga niliyesoma, nikadhani nimemshinda.

Wageni wakafika mchana. Mwalimu alikuwa mtu mzima, Mnyakyusa mpole, na mgeni alikuwa mama wa Kizungu mwenye mvi. Mama akawapokea kwa mikono miwili na salamu ya kwetu, "Kamwene, kamwene, karibuni sana," akawakalisha sebuleni kwenye benchi lililotolewa jikoni huku uso wake umejaa aibu ya kukosa pa kuwakalisha. Sakafuni kulikuwa na alama za miguu ya viti, zimejichora miaka na miaka. Nikatandika mkeka juu ya alama hizo, nikaukalia.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka ilipofika saa ya kukamua. Ng'ombe ni ng'ombe, hakupewa barua asome. Alikuja mwenyewe, anaburuza kamba, akasimama mlangoni kwetu akalia kudai pumba zake. Yule mgeni akacheka, akauliza ni wa nani. Nikafungua mdomo niseme ni wa jirani. Mama hakujua Kiingereza, lakini swali alilielewa.

"Wangu," akasema, akijigusa kifuani. Kisha akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, nasikia mwanangu aliandika barua ndiyo ikawaleta. Kama mnayo, naomba nisomewe."

Mwalimu akaitoa kwenye bahasha. Alitazama kamba ya ng'ombe, akautazama mkeka, akanitazama mimi. "Mwandishi yupo," akasema. "Atusomee mwenyewe, kwa Kiswahili."

Mwanangu, nimefanya mitihani mingi, lakini sijaona mtihani kama ule. Kulainisha maneno nisingeweza, mwalimu alikuwa anaijua ile barua. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale pa kulala chini sauti ikaanza kutetemeka. Nilipofika pale pa "mama yangu hana kitu, mama yangu hajui kitu," ikakatika kabisa, machozi yakanitoka, na mama akaniambia kwa upole niendelee, hajasikia mwisho. Alisikiliza yote, ametulia kama anayesikiliza matangazo kanisani.

"Hilo la kutokuwa na kitu nimekusamehe," akasema nilipomaliza. "Mtu huenda akatazama nyumba yao akaona hamna kitu. Hilo la kutojua kitu ndilo limeniuma. Hivi wewe ulifikaje chuo, Twilumba? Nani alikufikisha?"

Akainuka, akaniambia nikavirudishe viti, halafu akawachukua wageni wake kwenda kuwaonyesha stoo. Nikavibeba tena kichwani, kimoja kimoja. Safari hii hapakuwa na ukungu, na kila jirani alikuwa nje.

Niliporudi na kiti cha mwisho nikakuta mgeni amechuchumaa mbele ya chanja za mianzi, daftari mkononi. Kumbe naye alikuwa mtu wa viazi. Mama alikuwa anamweleza kwa nini mbegu zake anazianika kwenye mwanga badala ya kuzirundika gizani, ili machipukizi yawe mafupi na yenye nguvu. Akamweleza anavyong'oa mche ulioshikwa na ugonjwa wa mnyauko pamoja na udongo wake, na kwa nini haruhusu jembe la shamba lingine liingie kwake kabla halijaoshwa. Maswali yalikuwa mengi na mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Nilikuwa natafsiri elimu ya mtu niliyeandika kwamba hajui kitu.

Wakanywa chai ya maziwa kwenye vile vikombe vizuri, wameketi kwenye viti vya baba. Wakati wa kuondoka mwalimu akaniita pembeni. "Nafasi ya mwaka huu umeikosa, binti. Siwezi kupeleka mbele barua ya uongo. Mwakani omba tena, na uandike yaliyomo kwenye ile stoo."

Nililia, sikufichi. Mama hakunisema tena, siku ile wala baadaye. Alinimiminia maziwa ya moto akaniambia ninywe.

Mwaka uliofuata niliandika upya, na wakati wa likizo nikamsomea mama kwa Kiswahili kabla sijaituma. Alikaa kwenye kiti chake, akasikiliza, akanikatisha mara moja tu. "Umesema mnyauko ulikula nusu ya shamba. Ulikula matuta manne. Rekebisha." Nikarekebisha. Nafasi nikaipata. Nilikwenda, nikaipata baridi ambayo ya Kilolo ni utani kwake, nikasoma, nikarudi, na mpaka leo niko hapa kituo cha utafiti cha Uyole na viazi vyangu, nakaribia kustaafu. Mama yupo, mzee sana sasa. Akija kunitembelea anakagua mbegu zangu kwanza ndipo ananisalimia.

Vijana wengi mnakuja kwangu na fomu zenu kwenye simu, mnakaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vinne, alichonipa mama, mnaniuliza niwaambie siri. Sina siri. Tafuteni mapema, ulizeni ofisi ya chuo chenu kuna mifuko gani, pasipoti na cheti cha kuzaliwa msisubiri mpaka wiki ya mwisho. Kama mna shida, isemeni, si aibu, na shida ya kweli haihitaji kuongezewa chumvi. Lakini semeni pia mnachokijua, na nani aliwafundisha. Na wewe unayeiambia simu ikuandikie barua nzima, simu hiyo haijawahi kuketi kwa mama yako. Itasema nini juu yake?

Langu kubwa ni hili moja, mwanangu. Kabla hujabonyeza kutuma, msomee barua yako yule uliyemwandika humo, kwa lugha anayoielewa, ukimtazama usoni. Ukiweza kuifikisha mwisho bila sauti kukatika, itume.

Mungu akufungulie njia hiyo unayoiomba. Akupe koti zito na watu wema huko uendako. Na siku utakaporudi, umkute aliyekulea ameketi kwenye kiti chake, anakusubiri umsimulie.