Kichupa Kilichoombewa Njiru

Niliondoka mtaa wa Baba Dogo kwa sababu ya baridi. Saa mbili asubuhi stima zilipotea, na kabati la joto la maabara tunakofunzwa likaanza kupoa, kichupa changu cha seli kikiwa ndani. Seli ina nyuzi zinazoishikilia isiporomoke, na nyuzi hizo zikipata baridi huyeyuka. Daktari Nzioka, mkufunzi wetu, alikuwa amesema wazi: atakayeshindwa kumwonyesha nyuzi zilizosimama ifikapo saa nane, mafunzo yamemwishia.

Sasa, mashine ya kuangulia vifaranga hukaa karibu na joto la mwili wa mtu. Mama Njeri wa Njiru, anayemwangulia shangazi yangu mayai, anayo moja ya sola. Nikabana kichupa kwapani, nikapanda bodaboda.

Kwenye Barabara ya Kangundo dereva alinichungulia kiooni. "Madam, shika na mikono mbili bana."

"Huu mwingine uko kazini," nikamjibu. Hakuuliza tena.

Njiru, saa nne kasoro dakika tano. Mama Njeri alifungua daftari lake, maana kila kinachoingia kwenye mashine huandikwa ni cha nani na cha ndege gani.

"Halima, hii ni ya kuku ama bata?"

"Ni ya mtu, Mama. Ni seli."

Akaweka kalamu chini. "Mwenyewe ako wapi?"

"Alikufa zamani. Seli zake ndizo zinaendelea kukua."

"Na hamjawahi kumwombea?"

Nikatikisa kichwa. Akafumba macho, akaomba dakika sita nzima, nami nimebana kwapa nikisema amina kila alipovuta pumzi. Kisha akaandika "Mtu, 1" na kukilaza kichupa kati ya mayai ya bata. Nilikaa hapo mpaka saa saba, nikarudi vilevile nilivyokuja.

Saa nane, Baba Dogo, stima zimerudi. Daktari aliinamia darubini muda mrefu. Nyuzi zote zilikuwa zimesimama, nikataka kulia. Kisha akafungua daftari langu la kazi, nilimoandika saa ya kila hatua.

"Umefika saa nne kasoro tano. Kwa mashine zimeingia saa nne na dakika moja. Hapo katikati?"

"Zilikuwa zinaombewa, Daktari."

Nilingoja anifukuze. Akanipa kalamu. "Andika. Kila kilichofanywa kinaandikwa, hata kama unaona haya. Wiki ijayo urudi huko na vichupa viwili. Kimoja kisiombewe, tulinganishe."

Basi nikabaki mafunzoni, na nikajifunza kutoficha hata dakika sita. Jioni nilimpigia Mama Njeri kumweleza mpango wa vichupa viwili. Akaniuliza:

"Na hicho kingine kimekosea nini?"