Eda ya Mwigizaji

Mama alikuwa kwenye eda, hatoki nyumbani kwetu Ngamiani. Nikawa namwekea kwenye simu yangu michezo ya zamani ya televisheni ya Marekani, namtafsiria. Siku moja, mchezoni, mwigizaji mmoja alifiwa na mume. Mama, ambaye hakudondosha chozi tulipomzika baba, akalia naye.

Kesho yake, katika mchezo mwingine, mwanamke yuleyule anaolewa, kapaka rangi ya mdomo.

"Hana haya huyu! Eda yake imekwisha lini?" mama akafoka.

Nikamweleza kuwa ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi, jukwaani na kwenye televisheni, kila mchezo na mume mwingine.

"Basi jana alikuwa anamlilia nani?"

Sikuthubutu kumrudishia swali hilohilo.