Vidonge Vilivyobaki

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, la bati, na picha ya ng'ombe iliyochubuka upande mmoja hadi ng'ombe akabaki na miguu miwili. Lilikaa juu ya kabati la vyombo, nyumbani kwetu mtaa wa Lizaboni, na ndani yake kulikuwa na kila kidonge kilichowahi kubaki katika nyumba ile. Mtu akiumwa alikunywa dawa siku mbili, akiona mwili umekuwa mwepesi, basi, vilivyobaki viliingia koponi. Kumaliza dozi wakati umeshapona niliona ni ubadhirifu, kama kuendelea kuchochea kuni wakati ugali umeshaiva.

Ambaye hakuishi miaka ya uhaba asinicheke. Sisi tulikata mche wa sabuni vipande kwa uzi na tukapanga foleni ya sukari bila kujua kama ipo. Zahanati ulikwenda na homa ukarudi na karatasi, na karatasi haitibu mtu. Aliyekuwa na vidonge viwili ndani alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani, na watu walibisha hodi kwake kuviomba kwa sauti ya chini.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ikamwagwa sokoni, sabuni za kunukia zikapangwa madirishani, na karibu na kwetu likafunguliwa duka la dawa, la kwanza nililowahi kuliona ambalo si la serikali wala la misheni. Muuzaji alivaa koti jeupe kama daktari, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa akiuza misumari na kufuli. Ukimwambia "nipe viwili vya homa na kimoja cha kichwa," anakuhesabia kwa kidole na kukufungia katika karatasi ya daftari. Dawa zilikuwa zimejaa sasa, lakini mimi niliendelea kuweka akiba kana kwamba kesho zitatoweka. Kopo likazidi kujaa.

Na mimi ni mwalimu! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Darasa la nne niliwafundisha afya. Niliwachorea ubaoni chupa ya dawa, nikaandika chini yake: usinywe dawa usiyoijua. Wakanakili wote, nikawawekea alama za vema. Jioni nilirudi kwenye kopo langu.

Masika moja paa letu lilivuja juu ya kabati. Vibahasha vya dawa vililowa, maandishi yakayeyuka, nikavitupa na kuvimwaga vidonge koponi vikiwa wazi. Mume wangu aliuliza nitavijuaje. Nilimwambia navijua kwa sura, kama ninavyowajua wanafunzi wangu. Nilijivunia jibu hilo.

Tuliishi na mama mkwe. Alikuwa ameacha shamba lake kwa wadogo wa mume wangu baada ya kupatikana na ugonjwa wa sukari, na kila mwezi alipanda basi dogo kwenda kliniki Peramiho. Kusoma hakujua. Ugonjwa wake aliujua kwa mwili, alivyoujua udongo wa shamba lake. Katika pindo la khanga alifunga fundo la sukari, na siku ambazo dawa ilimzidi nguvu, alikaa chini kimya, jasho likimtiririka, mikono ikitetemeka, akafungua fundo na kulamba. Baada ya muda mfupi alisimama akaendelea kuchambua maharage. Akiniridhia aliniita mkamwana. Nikimuudhi aliniita mwalimu.

Kuna wakati kliniki walimbadilishia dawa, na akaambiwa zile za zamani azitupe. Alinipa mimi nikazitupe chooni, kwa kuwa nilikuwa naelekea huko. Nilifika mlangoni nikasita. Dawa nzima nzima, nyeupe, safi, kweli nizitupe? Nikarudi nazo hadi koponi. Sikumwambia mtu.

Jumamosi moja ya masika, mume wangu alikuwa Mbinga, karani kwa wanunuzi wapya wa kahawa, binti yetu wa miaka minne akaamka amechemka. Sikuona sababu ya kwenda hospitali. Nilishusha kopo, nikachagua kidonge cheupe cha mviringo, cha homa, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko na kumkorogea maji. Alilia, akameza. Uji aliukataa. Nilimlaza, nikaenda uani kufua.

Mama mkwe aliniita mara ya kwanza nikiwa nasuuza mashuka. "Mwana anatoka jasho."

"Homa inashuka, mama," nilimjibu. Nilifurahi kweli. Jasho ni dalili ya dawa kufanya kazi, nani asiyejua hilo?

Aliniita mara ya pili. Safari hii hakuniita mkamwana. "Mwalimu, njoo umguse. Jasho hili ni la baridi."

Niliingia na povu mikononi. Mtoto alikuwa amelowa hadi kwenye nywele, ngozi imepoa, midomo inacheza bila sauti. Nilimwita jina lake, akanitazama kama ananitafuta mbali. Mara mkono wake wa kushoto ukaanza kurukaruka, macho yakapanda juu, na mimi nikapiga kelele.

"Jasho hili nalijua," mama mkwe alisema. Tayari alikuwa amepiga magoti kitandani, anafungua fundo la khanga kwa meno. Alichota sukari kwa vidole akaielekeza kwenye midomo ya mtoto.

Niliupiga mkono wake. Niliupiga hasa, sukari ikatawanyika sakafuni.

"Mtoto ana degedege, wewe unamletea sukari? Mama, haya mambo ya kizamani basi!"

Alitazama sukari ile chini, kisha akanitazama mimi, na sitaki kusema niliona nini usoni mwake. Jirani yetu alikuwa na pikapu ya kubebea marobota ya mitumba. Nilitoka mbio nikamwita. Niliporudi kumbeba mtoto, mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kiti, yeye mwenye magoti mabovu, kopo langu liko mkononi.

Njiani tulikaa nyuma, mvua ya rasharasha ikitupiga, mtoto kwenye mapaja yangu. "Ulimpa nini?" aliniuliza.

"Cha homa."

"Kutoka humu?"

Niligeuza uso nikatazama barabara. Gari liliteleza kwenye tope jekundu, likakaa sawa, likaendelea. Alifungua kopo, akaingiza vidole, akavipapasa vidonge kimoja kimoja. Alipotoa mkono alikuwa na kidonge cheupe cha mviringo chenye mstari katikati. Alikigeuza. Alifunga kopo, akakifunga kidonge kile kwenye fundo lililokuwa na sukari. Nilikiona nikakitambua: kilikuwa kimoja cha vile nilivyotumwa kuvitupa chooni.

Mtu atadhani kwamba baada ya kutambua hivyo nilifika hospitali nikilitamka jambo lile mlangoni. Sikulitamka. Daktari alikuwa kijana, mtoto wake wa kwanza alikuwa darasani kwangu. Mwezi huohuo, kwenye foleni ya hospitali ile, nilikuwa nimesikia mama mmoja akikaripiwa mbele za watu kwa kumtibu mtoto nyumbani, na nilitikisa kichwa pamoja na wengine, mimi, mwalimu, nikimsikitikia kwa ujinga wake. Sasa daktari alikuwa amemlaza binti yangu mezani, anamfunua jicho kwa kidole gumba, huku muuguzi akitoboa kidole kuchukua damu.

"Mwalimu, mmempa dawa yoyote nyumbani?"

"Hapana," nilisema.

Sijui kama nitaeleza ikaeleweka. Mtoto wangu alikuwa anakufa, na mimi nililinda heshima yangu. Mdomo ulijibu kabla sijaamua chochote, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea: daktari akiuliza, unasema hapana, ili usisemwe. Mama yangu mzazi alijibu hivyo. Majirani wote walijibu hivyo. Tulidanganya hospitali kama watu wanavyosema "nzuri" wanapoulizwa habari za asubuhi.

"Hata kidonge kimoja?"

"Hata kimoja."

Daktari alimwambia muuguzi aandae sindano ya kwinini. Nilisikia shingo ya kichupa cha dawa ikivunjwa. Nilimtazama mama mkwe aliyesimama karibu na mlango, na nikaona kwamba yeye muda wote alikuwa ananitazama mimi. Alikuwa ananisubiri. Alinipa nafasi, mpaka muuguzi alipoanza kuvuta dawa ndani ya bomba la sindano, na hapo akaona hatapata kitu kwangu.

"Daktari, baba," alisema, "nimempa mimi."

Daktari aligeuka. "Shikamoo, bibi. Umempa nini?"

"Marahaba. Dawa yangu ya sukari. Nilidhani ni ya homa. Macho haya hayaoni tena." Akafungua fundo, akakiweka kidonge mezani, punje za sukari zimekigandia.

Daktari alikichukua, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na uso ukambadilika. "Acha hiyo!" alimwambia muuguzi. "Kwinini itamshusha sukari zaidi. Leta maji ya sukari, haraka!" Wakaanza kukimbia. Mshipa haukupatikana mkononi, wakautafuta mguuni, ukapotea, wakarudi mkononi. Niliuma khanga yangu ili nisipige kelele. Ulipopatikana, daktari alisukuma maji yale kwa bomba kubwa, polepole, akihesabu kwa midomo.

Mkono wa mtoto ukaacha kurukaruka. Baadaye akafumba mdomo. Baadaye akafungua macho, akayafunga, akayafungua tena, akaniona.

"Mama, baridi," alisema.

Nililia bila aibu. Daktari hakuwa amemaliza. Alimgeukia mama mkwe akamkaripia mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa waliochungulia mlangoni: mtu mzima kama wewe, unamwekea mtoto sumu mdomoni, dawa hii inakaa mwilini siku nzima, anaweza kuzama tena wakati wowote, na umeficha mpaka dakika ya mwisho! Mama mkwe aliinamisha kichwa. "Nisamehe, baba," alisema. Akaambiwa atoke wodini na asimpe mtoto kitu chochote. Akatoka, akakaa kibarazani kwenye saruji yenye unyevu, kopo limefichwa chini ya khanga.

Nami nilikaa kitandani nikimshika mtoto mkono.

Alizama tena mara mbili siku ile, na mara mbili wakamwinua. Damu ilionyesha pia malaria, akatibiwa alipotulia, dozi nzima, hadi kidonge cha mwisho. Tuliporuhusiwa kutoka, nilimkuta mama mkwe kibarazani peke yake, nikapiga magoti. Niliomba radhi kwa maneno yaliyochanganyikana na kilio. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Mimi ni mama wa mume wako," alisema. "Hawezi kuniacha. Wewe angeweza kukuacha." Akanyoosha mkono nimsaidie kuinuka. "Hilo kopo, mkamwana, lisirudi juu ya kabati."

Halikurudi. Nilivitupa vidonge vyote chooni, bati nikaliponda kwa jiwe. Tangu hapo sijaweka akiba ya dawa ndani, na mtu wa nyumba yangu akianza dozi nasimama mlangoni mpaka aimalize. Nilisifiwa sana kwa ukali huo.

Tabia ya pili, ile ya kusema hapana, sikuiponda. Mume wangu aliporudi alikuwa ameshaambiwa na jirani wa pikapu. Hakumgombeza mama yake. Alikuwa mpole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi. Aliichukua dawa yote ya mama yake akanikabidhi mimi. "Mwalimu atakutunzia," alimwambia. Basi kila asubuhi, kwa miaka yote aliyobaki nayo, mwanamke yule alikuja jikoni, akanyoosha kiganja, nami nikampimia dawa yake mwenyewe kama mtoto. Alimeza mbele yangu. Hakunitazama kwa kunisuta hata siku moja, na kila siku nilisema moyoni kesho nitasema. Tukamzika sijasema.

Binti yangu sasa ana mtoto wake. Nilipokwenda kumtembelea, mjukuu alikuwa na kikohozi, na mama yake akavuta droo ya kabati la chumbani. Niliviona: vipande vya karatasi za vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, chupa zilizobaki robo, vidonge vingine viko wazi kwenye kifuniko cha mafuta ya kujipaka. Alichukua kimoja akakigeuza kwenye mwanga.

Nilimkamata mkono.

Akacheka. Kisa cha bibi aliyempa dawa ya sukari kinajulikana katika ukoo mzima, husimuliwa sikukuu zote, na hakuna anayekisimulia kwa kuchekesha kumzidi yeye. "Mama, usiogope," aliniambia. "Mimi siyo bibi. Mimi najua kusoma."

"Mimi pia nilijua kusoma," nilimwambia. "Weka kidonge hicho chini, ukae. Aliyekupa siyo bibi yako."