Series ya mpelelezi waliyoirudisha ilinifanya nimfuate baba yangu hadi Burat

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa habari, habari zenu pia.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Miaka yote nacheka na nyuzi zenu halafu naondoka bila hata kuacha like. Leo naandika kwa sababu kuna kitu kimenikaa kifuani na hakitoki. Ni mambo ya nyumbani kwetu, kwa hivyo majina sitataja, ila stori yenyewe sijaitia chumvi. Pale nilipokuwa mjinga, nitaandika nilikuwa mjinga.

Mimi ni msichana wa Kiwanjani, Isiolo. Msichana ni neno la heshima tu, nina miaka thelathini na moja na bado niko kwa wazazi. Nina cyber ndogo mjini, nachapa barua za watu na kuwajazia fomu.

Sisi ni Wasomali wa hapa hapa. Babu wa baba yangu alikuja na jeshi la Mwingereza, akaachwa akae, na tangu hapo ukoo wetu ni wa malori na biashara. Baba ameendesha lori mpaka mgongo ukakataa. Mama anauza maziwa ya ngamia sokoni.

Sasa tuje kwa series.

Kulikuwa na series moja ya zamani ya mpelelezi wa kujitegemea. Yaani si polisi, ni mtu na kiofisi chake, wewe una shida yako, unamwendea anakutafutia ukweli. Baba aliitazama enzi za ujana wake kwa TV ya hoteli moja ya madereva. Anasema watu walikuwa wanaacha chai ipoe.

Wameirudisha. Jina lile lile, muziki wa mwanzo ule ule wameuchangamsha kidogo, lakini mpelelezi ni mwingine. Kijana, ndevu za kuchongwa, simu tatu, drone, na kidude cha kubandika chini ya gari la mtu.

Nikawa naishusha kazini naleta nyumbani na flash. Jumapili baada ya adhuhuri tunakaa mimi na Baba, episode mbili, chai ya tangawizi.

Mimi niliipenda vibaya sana. Baba hakuipenda.

"Huyu anafuata watu tu," alisema. "Yule wetu alikuwa anabisha mlango. Anakaa, anauliza."

Nikamwambia Abo, dunia imebadilika, nani siku hizi anajibu ukweli akiulizwa? Akamimina chai. (Abo ndivyo tunavyomwita baba kwetu, na mama ni Hoyo, msije mkapotea.)

Basi Jumanne moja Baba anatawadha, simu yake iko kwa meza yangu inachaji. Ikaita. Nikatupia jicho.

EDDO.

Hapa lazima niwaeleze neno, maana balaa yote imesimama juu yake. Eddo kwetu ni shangazi, dada wa baba. Lakini pia ndivyo mtoto anavyomwita mke mwingine wa baba yake, kwa heshima. Neno moja, wanawake wawili tofauti kabisa.

Na baba yangu hana dada. Ana kaka wawili, wote nawajua, mmoja ndiye aliyenifundisha kuendesha gari. Dada hakuna. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa tangu nizaliwe.

Mnaona mahali akili yangu ilienda.

Nikaanza kuona vitu. Kwamba kila Jumanne baada ya alasiri Baba anachota lita mbili za maziwa kwa jerikeni ya Mama, anasema ni za rafiki yake mgonjwa. Kwamba siku hiyo shati limepigwa pasi. Kwamba akirudi hana maneno mengi, na anakula kidogo kama mtu aliyekula kwingine.

Mtaniuliza, si ungemuuliza tu?

Wakuu, hapa ndipo panaponiuma. Sikumuuliza kwa sababu nilikuwa nafurahia. Nilikuwa na kesi. Mimi, wa kujaza fomu za watu mwaka mzima, nilikuwa na kesi yangu mwenyewe, na kichwani ule muziki unapiga.

Jumanne iliyofuata nikaazima nikabu ya rafiki yangu. Mimi huwa nafunga mtandio tu, uso wazi. Nikachukua boda, nikamwambia jamaa afuate ile gari nyeupe kuukuu lakini asiikaribie.

"Si hiyo ni gari ya mzee wako?" akaniuliza.

Hapo hapo ningejua sijaiva kwa hii kazi. Nikamwambia afuate tu.

Tukapita kambi ya jeshi tukaingia Burat. Mashamba ya vitunguu, mahindi, nyua za miiba. Baba akasimama kwa nyumba moja ya mabati, safi, na geti la mbao. Mimi nikashukia kwa kibanda cha kuuza maji ng'ambo ya barabara, nikajibanza nyuma ya matangi.

Mwanamke akatoka mlangoni. Amejifunika shali, ameegemea fremu. Baba akamshika mkono, na hakuuachia. Wakaingia hivyo hivyo, wameshikana.

Kwetu mwanamume hashiki mkono wa mwanamke mlangoni watu wakiona, ila awe mkewe au damu yake. Damu hana. Nikapiga picha tatu.

Nilikaa pale karibu saa nzima. Kuna wakati Baba alitoka peke yake, akasimama kwa geti, akaangalia barabara juu na chini, akarudi ndani. Nikajiambia, mnaona, anahakikisha hakuna anayemwona.

Kesho yake nikamwambia Mama.

Alikuwa uani anaosha jerikeni. Baba ameenda adhuhuri msikitini. Nilimweleza kwa mpangilio kabisa, simu ilivyoita, Jumanne, maziwa, halafu nikamwonyesha picha. Aliishika simu na mikono yenye maji. Picha ya mikono aliiangalia muda mrefu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Hoyo."

"Basi."

Hakulia, hakupiga kelele. Alimaliza jerikeni zake zote, akazipanga, akafunga nguo kwa leso. Pikapu inayoleta maziwa asubuhi hurudi Kulamawe mchana na jerikeni tupu. Akapanda mbele, akaenda kwa kaka yake. Miaka thelathini na minne ya ndoa.

Ajabu ni kwamba hata wakati huo nilijiona nimemtetea mamangu.

Baba akarudi.

"Mama yako ako wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nimekaa kwa kiti cha katikati, simu nimeiweka mezani, picha ziko wazi, vile yule jamaa wa series anavyofanya dakika za mwisho. Nikamwambia, Hoyo ameenda kwao, na sababu ni hii hapa.

Baba akavaa miwani. Akaangalia picha moja, akaangalia ya pili. Nilingojea akane. Nilingojea hata anipige kofi.

Akasema, "Kumbe ndio maana hukuingia."

Sikuelewa.

"Nilikuona pale kwa maji. Hiyo kitambaa inaficha uso, haifichi vile mtu anatembea. Nikamwambia, binti yangu ako nje, anaona haya kidogo, ngoja ataingia. Akatoa kikombe ya tatu. Tukangoja. Nikatoka mpaka kwa geti nikuangalie. Chai ikapoa."

Akavua miwani.

"Huyo ni dada yangu. Tumbo moja."

Wakuu, niliigeuza ile simu ikalala kifudifudi.

Eddo ni mdogo wake. Kabla Baba hajamwoa Mama, alitoroka na askari Mturkana wa kambini, Mkristo. Babu alikuwa mtu mkali na jina lake lilikuwa kubwa mjini. Aliapa mbele ya wanawe kwamba atakayevuka kizingiti cha Eddo si mtoto wake tena, na jina la Eddo lisitajwe nyumbani. Halikutajwa. Babu akafa bila kuondoa kiapo. Mume wa Eddo naye akafa, hawakujaliwa watoto. Mwaka jana akapata kiharusi, upande mmoja umelegea, ndiyo maana anaegemea mlango. Ndiyo maana alishikwa mkono.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mama.

"Mama yako alimheshimu sana baba yangu. Ningemwambia, angebeba siri yangu kila siku mbele ya watu wetu. Sikutaka abebe."

Halafu nikauliza jambo la kipumbavu zaidi. Kwa nini ameandika Eddo kwa simu, kwani si dada yake yeye? Angeandika jina.

"Kwangu mimi ako na jina," alisema. "Eddo ni yenu. Niliandika hivyo kwa ajili yenu nyinyi watoto, siku mtampigia muwe mnajua ni nani."

Hapo nililia, na sioni aibu kuandika.

Siku ya pili tukaenda Kulamawe sisi wawili. Nilidhani ni kesi rahisi, tunaeleza ukweli, Mama anapanda gari tunarudi. Ndani ya series huwa hivyo, ukweli ukitoka watu wanakumbatiana.

Mama alisikiliza yote. Kaka yake yupo, mimi nimeinamisha kichwa. Baba alipomaliza, Mama akasema:

"Ungekuwa umeoa, ningeelewa. Dini imekupa. Ningekasirika, ningenyamaza, ningezoea. Lakini wewe umekaa na mimi miaka hii yote, ukafikiri mimi nikisikia uko na dada mgonjwa nitamfukuza?"

Mimi na Baba tukarudi bila yeye.

Alikaa siku nne zaidi. Siku ya tano pikapu ya maziwa ikafika sokoni na jerikeni zake, yeye hayumo. Dereva akasema Mama aliomba apelekwe Burat kwanza. Jioni akarudi nyumbani kwa miguu yake, harufu ya mafuta ya nywele mikononi. Alikuwa amemsuka Eddo. Alimwambia Baba kuanzia sasa maziwa atapeleka mwenyewe, lita mbili hazitoshi. Na Baba bado anaongea kwa ufupi, lakini anaongea.

Nami nimeenda. Uso wazi, nimebisha mlango. Eddo ana sauti nzito kama ya Baba, na maneno yanatoka polepole kwa sababu ya mdomo. Aliniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Wewe ndio ulikataa chai yangu," akasema, akacheka kwa upande mmoja wa uso. Nilikunywa vikombe vitatu.

Sasa somo, kama mnavyopenda humu.

Mimi silaumu series. Ni nzuri, nimeimaliza. Ila nimegundua jambo moja. Kesi ikiisha, mpelelezi anaingia kwa gari lake anaondoka, na kamera inaondoka naye. Hakuna episode inayobaki ndani ya ile nyumba aliyoifungua, watu wakitafuta namna ya kukaa meza moja tena. Yeye analipwa, anapewa kesi nyingine. Mimi sina pa kuondokea, hao ni wangu.

Na nilikuwa sahihi karibu kwa kila kitu. Siku, maziwa, shati, mkono. Kila kitu nilichoona kilikuwepo. Nilikosea neno moja tu, na hilo neno mtu mmoja angenieleza kwa dakika mbili kama ningemwuliza akiwa anamimina chai.

Lakini kilichonileta kuandika si hicho, maana hayo yamepita.

Kilichonileta ni kwamba Baba sasa ananiripotia.

Mtu hajawahi kumwambia yeyote anakoenda maisha yake yote, dereva wa masafa marefu. Siku hizi hatoki bila kupita kwangu. Naenda msikiti. Naenda kununua dawa ya mgongo. Naenda kukaa na wazee kwa kinyozi. Hasemi kwa hasira, wala si kunisuta, ningejua. Anasema kwa upole, kama mshukiwa aliyeachiliwa ambaye bado anaogopa afisa wake.

Jana amesimama mlangoni, viatu viko mkononi, mzee wa miaka karibu sabini. "Naenda kuangalia gari kwa fundi. Halafu narudi."

Nikamwambia, "Abo, mimi sijauliza."

Akainama kuvaa kiatu.

"Najua," akasema. "Hukuuliza."

Akaenda, na mimi nikabaki pale pale hadi nikasikia geti.

Wakuu, mnitukane kama mnataka, nitasoma zote, nimestahili. Ila kama kuna mmoja humu mzazi wake aliwahi kumwogopa namna hii, kisha siku moja akaacha, naomba aandike alifanya nini.