Punje Tatu za Pinki

Shule ya msingi iliyo jirani na mashine yangu ya kusaga, hapa Buhare, ilipoanza kuwapikia watoto uji, nilijitolea kuwasagia bure. Wazazi wanachanga mahindi, mimi nasaga, shule inapika. Mwalimu mkuu aliniita mdau wa elimu mbele ya kikao, na kichwa kilinivimba wiki nzima.

Jumatatu moja nilikuwa nafagia mashine. Kwenye mdomo wake, pale tunapomimina, nikaona punje tatu za pinki. Mahindi ya pinki ni mbegu ya dukani, imepakwa dawa ya wadudu. Hata kuku hapewi. Na mzigo wa mwisho kusagwa Jumamosi ulikuwa wa shule. Mzazi mmoja alikuwa amechanga mbegu iliyombakia, pengine baada ya kuiosha, nami nikamimina gunia zima huku naongea na simu.

Uji hunywewa saa nne, na zilibaki dakika kumi. Nilimpigia mwalimu mkuu, hakupokea. Nikazishika zile punje kiganjani, nikakimbia. Mimi na kitambi changu, kandambili moja ikabaki njiani, nilikimbia huku namwomba Mungu kuni ziwe mbichi. Sijawahi kuogopa vile.

Watoto walikuwa wameshapanga foleni na vikombe. Mpishi alikuwa ameshika upawa.

"Mama, usigawe. Mwaga huo uji."

"Nimwage? Si unga wako huu tunaopikaga siku zote?"

Nikafungua kiganja. Yeye ni mkulima, alizijua zile punje. Alishusha upawa, akaiuliza foleni kama kuna aliyekwisha kunywa. Mtoto wa mbele akapindua kikombe chake, kikavu. Wengine nao wakapindua, mpaka wa mwisho.

Mwalimu mkuu alipofika aliniuliza, "Mdau, nani alipaswa kuyakagua mahindi?"

Nilitaka kusema kwamba tulikubaliana mimi nisage tu. Aibu ikanishika.

"Hatukuambiana, mwalimu."

"Basi tuambiane leo."

Siku hizi wazazi huyamwaga mahindi kwenye turubai shuleni, wakayachambua kabla hayajanifikia, nami huyapitia tena kabla ya kusaga. Na kila Jumatatu kikombe cha kwanza hupewa mwenye mashine, mbele ya foleni. Watoto hunitazama bila kusogea mpaka nimalize. Nakimaliza chote, na bado naogopa.